Watatari wa Lithuania: Historia Fupi ya Askari wa Farasi Walioapa kwa Msahafu

Mwaka 1397 Vytautas, Mtemi Mkuu wa Lithuania, alirudi kutoka nyika za kusini akiandamana na Watatari wengi, wake kwa waume, na watoto wao, na farasi wao. Akawapa ardhi kuzunguka mji wake wa Trakai na kuzunguka Vilnius. Wageni hao walikuwa Waislamu. Mwenyeji wao alikuwa Mkristo aliyebatizwa ukubwani, katika nchi iliyoupokea Ukristo rasmi mwaka 1387, yaani miaka kumi tu kabla ya msafara ule kuwasili. Kutokana na ukaribisho huo ukazaliwa utumishi wa wapanda farasi ambao, kwa majina mbalimbali na chini ya bendera mbalimbali, ulifika hadi Septemba 1939. Ni zaidi ya miaka 540. Sisi tunaowaenzi askari hawa tunaikumbuka historia yao kwa shukrani, na tunaona fahari kuisimulia kwa Kiswahili.

Tuanze na waliokuja. Tokhtamysh, khan wa Horde ya Dhahabu, ndiye yule aliyeiteketeza Moscow mwaka 1382. Mwaka 1395 alipigwa vibaya na Timur kwenye mto Terek, akapoteza kiti chake, akakimbilia kwa Vytautas pamoja na jamaa zake na watu waliobaki waaminifu kwake. Vytautas angeweza kumfukuza au kumuuza kwa adui zake, maana ndivyo watawala wengi wa wakati ule walivyofanya. Alimpokea. Akaingia naye vitani kumrudishia kiti chake, na tarehe 12 Agosti 1399, kwenye mto Vorskla, wawili hao wakakutana na jeshi la Edigu na Timur Qutlugh, watawala wapya wa Horde. Siku ile haikuwa yao. Watemi wengi walianguka, na Vytautas mwenyewe aliokoka kwa taabu. Lakini urafiki haukuvunjika, na Watatari waliokwisha kupewa mashamba Lithuania walibaki kwenye mashamba yao.

Vytautas alikuwa na sababu zake. Upande wa magharibi Shirika la Wateutoni, watawa wa Kijerumani wenye silaha, lilikuwa likiibana nchi mwaka hata mwaka. Ngome za matofali alikuwa nazo, na ile ya Trakai, iliyojengwa katika kisiwa cha ziwa Galvė, ilibomoka baadaye lakini imejengwa upya, na inasimama na kuta zake nyekundu hadi leo. Alichokihitaji ni watu wepesi juu ya farasi, wa kupeleleza, wa kuvamia na kutoweka, wa kumfukuza adui aliyeshindwa asipate pumzi. Watatari walikuwa wamezaliwa katika kazi hiyo. Ndiyo maana makazi yao ya mwanzo yalipangwa karibu na miji mikuu na ngome, ili mwito ukitoka asubuhi wawe tayari. Wakati huohuo waliletwa Wakaraimu, watu wa dini yenye asili ya Kiyahudi na lugha ya Kituruki, ambao waliwekwa kuilinda ngome ya Trakai. Wazao wao wapo mjini humo mpaka sasa, lakini historia yao inastahili makala yake.

Mapatano yalikuwa mepesi kueleweka. Mtatari alipata ardhi, akabaki na dini yake, akaruhusiwa kujenga msikiti na kuoa binti wa nchi. Naye mwito wa vita ukitoka alipaswa kufika kwa gharama yake mwenyewe, na farasi wake, na silaha zake. Silaha zenyewe zilikuwa upinde na podo, upanga uliopinda, mkuki, na ngao ndogo ya mviringo ambayo mkono wa kushoto uliibeba bila kuiachia hatamu. Wenye ardhi walipangwa kwa bendera sita zilizoitwa kwa majina ya koo: Ulan, Yushin, Naiman, Jalair, Kongrat na Baryn. Kila bendera ilikuwa na mshika bendera wake na mkubwa wake, na kijana aliyeingia jeshini aliingia kati ya wajomba na binamu. Anayetaka kujua kwa nini vikosi hivi vilidumu vizazi kwa vizazi na aanzie hapo. Askari aliyekimbia vitani alikuwa na kijiji kizima cha kukitazama usoni atakaporudi.

Tarehe 15 Julai 1410, katika uwanja wa Grunwald ambao Walithuania wanauita Žalgiris, mapatano yale yalipimwa. Jeshi la Poland chini ya Mfalme Jogaila na jeshi la Lithuania chini ya Vytautas, binamu yake, yalikabiliana na Wateutoni. Pamoja na Vytautas alikuwako Jalal al-Din, mwana wa Tokhtamysh, na wapanda farasi wake. Wapanda farasi wepesi wa upande wa kulia, Walithuania na Watatari, ndio waliotangulia kushambulia. Baada ya muda upande huo ulirudi nyuma, na mashujaa wengi wa Kiteutoni wakaacha safu zao kuwafukuza. Kwa karne nyingi watu walibishana kama ile ilikuwa hofu au hila. Mwaka 1963 mwanahistoria Mswidi Sven Ekdahl alichapisha barua ya Kiteutoni iliyoandikwa miaka michache baada ya vita, ikiwaonya makamanda wasivunje safu zao endapo adui ataigiza kukimbia. Kwangu mimi barua hiyo imemaliza ubishi. Kurudi nyuma ili kumtoa adui katika mpango wake lilikuwa somo la kwanza la mpanda farasi wa nyika, na siku ile walimu wa somo hilo walikuwa uwanjani. Kabla ya jua kuzama mkuu wa Wateutoni, Ulrich von Jungingen, alikuwa maiti pamoja na wengi wa makamanda wake, na Shirika lake halikurudia tena nguvu ya zamani. Baadaye Wateutoni walilalamika kote Ulaya kwamba Vytautas alipigana nao kwa msaada wa watu wasio Wakristo. Lawama hiyo kwetu ni ushahidi kwamba Watatari walikuwapo na kwamba walitenda kazi.

Vytautas alifariki Trakai mwaka 1430. Watatari hawakumsahau. Mwaka 1519, karibu karne nzima baada ya kifo chake, walimwandikia Mfalme Sigismund, aliyetawala Poland na Lithuania pamoja, wakimkumbusha kwamba Vytautas hakuwaamuru wamwache Mtume, na kwamba wao, wakielekeza nyuso zao kwenye miji mitakatifu, hulitaja jina lake kama wanavyowataja makhalifa. Walisema pia kwamba wameapa juu ya panga zao kuwapenda Walithuania, kwa sababu walipoingia nchini waliambiwa kuwa mchanga, maji na miti ya hapo ni mali ya wote. Sijui hati nyingine ya Ulaya ya zama zile ambamo Waislamu wanamzungumzia mtawala Mkristo namna hiyo.

Vijiji vyao vina visa vyake. Kusini-magharibi mwa Vilnius kuna kijiji kiitwacho Keturiasdešimt Totorių, maana yake Watatari Arobaini. Wengine husema Vytautas aliweka hapo familia arobaini. Wazee hupenda zaidi kisa cha Mtatari mmoja aliyekuwa na wake wanne, na kila mke akamzalia watoto wa kiume kumi, wote wakapanda farasi. Nemėžis ni kijiji kingine cha mwanzo, na Raižiai, karibu na mji wa Alytus, ni kingine. Si wote walikuwa wenye ardhi. Mijini kulikuwa na Watatari watengeneza ngozi, waendesha mikokoteni na wakulima wa mboga, nao pia waliitwa kwa kazi za jeshi na za barua.

Lugha yao ya Kituruki ilipotea taratibu, na kufikia mwisho wa karne ya 16 wengi walikuwa wakizungumza Kibelarusi na Kipolandi, kwani akina mama wengi wa nyumba hizo walikuwa wenyeji. Dini haikupotea. Waliandika vitabu vyao vya dini kwa lugha hizo mpya lakini kwa herufi za Kiarabu: tafsiri ya Kurani, visa vya manabii, dua za safari na za wagonjwa. Msomaji wa Pate au Lamu ataelewa mara moja, maana ndivyo washairi wetu walivyoandika tenzi, na hati ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728 ni ndugu wa hati hizo za Vilnius. Katika msikiti wa Raižiai ipo mimbari ya mbao ya mwaka 1684. Mimbari hiyo imepita vita vya Waswidi, vya Warusi, vya Napoleon na vile viwili vya dunia, na bado imo msikitini.

Karne ya 16 na ya 17 Watatari walikuwa kila palipokuwa na jeshi la Lithuania. Walikuwako Orsha mwaka 1514. Walikuwako pia Kircholm, karibu na Riga, tarehe 27 Septemba 1605, pale Jan Karol Chodkiewicz, Jemadari Mkuu wa Lithuania, alipowashinda Waswidi wapatao 11,000 kwa watu wasiozidi 4,000, wengi wao wapanda farasi. Huko pia mbinu ilikuwa ileile ya kujifanya unarudi nyuma ili adui ashuke kutoka kilimani. Sifa za siku ile zilikwenda kwa husari wenye mikuki mirefu, na walistahili.

Ilikuwapo miaka migumu, na haifai kuirefusha katika makala ya kumbukumbu. Msikiti wa Trakai ulibomolewa na umati mwaka 1609. Sheria kadhaa za Bunge la wakati ule ziliwapunguzia Watatari haki walizopewa na Vytautas, mishahara ya askari ikachelewa mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1672 baadhi ya vikosi vya Watatari vilivyokuwa kusini, huko Podolia, vilihamia upande wa Waosmani. Wengi wao walirejea baada ya muda si mrefu. Aliyewarejesha ni Jan Sobieski, ambaye akiwa mfalme aliwathibitishia haki zao, na mwaka 1679 akawagawia wengine mashamba badala ya mishahara waliyokuwa wakidai. Vijiji vya Kruszyniany na Bohoniki, ambavyo leo viko Poland, vilitokana na ugawaji huo.

Basi Sobieski na Watatari walilipana. Tarehe 12 Septemba 1683 mfalme alipoteremka na wapanda farasi wake kuiokoa Vienna iliyozingirwa na Waosmani, Watatari wa Lithuania walikuwa upande wake. Inasimuliwa kwamba walichomeka mashuke ya majani makavu katika kofia zao ili wenzao wasiwachanganye na Watatari wa upande wa pili. Wiki chache baadaye, kule Párkány, vita viligeuka, mfalme akajikuta hatarini, na kanali Samuel Murza Krzeczowski ndiye aliyemtoa. Ndivyo kisa kinavyosimuliwa Kruszyniany, kijiji ambacho Krzeczowski alipewa, na wanaongeza kwamba mfalme alipopita njia hiyo miaka michache baadaye aliingia nyumbani kwa kanali na kula naye. Kwa Waislamu hawa kupigana na jeshi la sultani haikuwa jambo jepesi. Walikuwa wameapa kwa Msahafu kuilinda nchi iliyowapa ardhi na misikiti, na kiapo walikitimiza. Mimi naona huo ndio ukubwa wao.

Karne ya 18 ilileta umbo jipya, wapanda farasi wepesi wenye mikuki walioitwa ulani, ambao mwanzoni walikuwa vikosi vya Watatari hawa katika utumishi wa wafalme wa Poland waliotoka Saksonia. Prussia, Austria, Urusi na Ufaransa zote ziliiga. Ulani wote waliopita katika uwanja wa vita wa Ulaya, wenye bendera ndogo kwenye ncha ya mkuki, wana babu zao Lithuania.

Kati ya makamanda wa wakati huo naomba nimtaje kwanza Józef Bielak, Mtatari na Mwislamu aliyepanda hadi cheo cha jenerali. Alipigana na Warusi katika vita vya Muungano wa Bar, vya miaka ya 1768 hadi 1772, akapigana nao tena mwaka 1792, na mwaka 1794, akiwa mzee wa miaka 65, alikuwa bado jeshini Tadeusz Kościuszko alipoinua silaha. Alifariki mwaka huohuo. Kanali Jakub Azulewicz alifuata nyayo hizo na akaanguka mwaka 1794 katika ulinzi wa Vilnius. Mwaka uliofuata dola yao, ya Poland na Lithuania, ilifutwa katika ramani na majirani watatu.

Mwaka 1812 Napoleon aliingia Vilnius, na wengi wakaona nchi inafufuka. Mustafa Murza Achmatowicz alipewa ruhusa kuunda kikosi cha Watatari ndani ya Walinzi wa Kaizari. Alitumaini kukusanya rejimenti nzima, akapata kikosi kimoja. Lakini kikosi gani! Walivaa kofia za manyoya zilizozungushiwa kilemba, na alama ya mwezi mwandamo, na katika orodha ya maofisa alikuwemo imamu. Kaizari wa Wafaransa alikuwa na imamu katika jeshi lake la ulinzi, naye alitoka vijiji vya Lithuania. Majira ya baridi yakafika. Desemba 1812, mabaki ya Jeshi Kuu yalipopita Vilnius kwa njaa na barafu, Watatari walibaki kulinda njia, na Achmatowicz akauawa huko. Samuel Murza Ulan akawakusanya waliosalia, nao wakapigana Ujerumani mwaka 1813 na Ufaransa mwaka 1814, idadi yao ikipungua kila mwezi, mpaka Kaizari alipojiuzulu. Hawakumwacha kabla ya hapo.

Yaliyofuata nitayapitia kwa haraka. Chini ya Warusi vijana wengi wa Kitatari waliingia jeshi la Tsar, na familia chache zilitoa maofisa kila kizazi. Maciej Sulkiewicz, mmoja wao, alifika cheo cha luteni jenerali, akaongoza serikali ya Krimea mwaka 1918, kisha akawa mnadhimu mkuu wa jeshi la Jamhuri ya Azerbaijan. Alipigwa risasi Baku mwaka 1920 baada ya Wabolsheviki kuingia.

Mwaka 1919 iliundwa upande wa Poland rejimenti ya Ulani wa Kitatari, ikapewa jina la Achmatowicz, ikavunjwa 1920. Mpaka kati ya Lithuania na Poland uliwagawa Watatari pande mbili, habari ambayo haikuwafurahisha wengi. Mwaka 1925 Jakub Szynkiewicz alichaguliwa mufti huko Vilnius, mji ambao wakati huo ulikuwa upande wa Poland. Kaunas, uliokuwa makao ya serikali ya Lithuania, ulianza kujenga msikiti wa matofali mwaka 1930, kuadhimisha miaka 500 tangu kifo cha Vytautas. Ulifunguliwa 1933 na unabeba jina lake. Mwaka 1936 kikosi cha kwanza cha Rejimenti ya 13 ya Ulani wa Vilnius, kambini Naujoji Vilnia, kilitengwa kuwa cha Watatari, na askari wake walikula kiapo kwa Kurani. Kamanda wake alikuwa Aleksander Jeljaszewicz. Rejimenti ilipigana Septemba 1939, ikavunjika ndani ya wiki chache. Baada ya hapo hakikuundwa tena kikosi cha wapanda farasi cha Watatari.

Chini ya Wasovieti misikiti mingi ilifungwa, na ule wa Lukiškės mjini Vilnius ulibomolewa katika miaka ya 1960. Uhuru uliporudi mwaka 1990 kazi ilianza upya: msikiti wa Kaunas ukarudishwa kwa waumini, gazeti la jumuiya likatoka, Ofisi ya Mufti ikarejeshwa mwaka 1998, na mwaka 2010 ikasimamishwa Raižiai nguzo ya kumkumbuka Vytautas, kwa miaka 600 ya Grunwald. Bunge la Lithuania liliutangaza mwaka 2021 kuwa mwaka wa historia na utamaduni wa Watatari wa Lithuania. Sensa ya 2011 iliwahesabu Watatari karibu 2,800 nchini humo. Jeshi la leo halina farasi, lina magari ya deraya, lakini batalioni ya Alytus, katika wilaya hiyohiyo ya msikiti wa Raižiai, bado inaitwa ya ulani.

Misikiti minne ya kihistoria ipo wazi kwa wageni: Kaunas, Nemėžis, Raižiai na Keturiasdešimt Totorių. Msomaji mwenye safari ya upande huo, usiishie kwenye ngome ya Trakai na picha za ziwa. Panda basi hadi Keturiasdešimt Totorių, ni mwendo mfupi kutoka Vilnius. Msikiti ni wa mbao, mdogo, na makaburi ya askari na familia zao yameuzunguka, mawe mengine yamezama nusu ardhini. Wasomee Fatiha.